Kulipa kwa simu au kutoa kadi?

Ukiiweka kadi ya mkopo ndani ya simu, deni ni lile lile, pointi ni zile zile, na haki ya kupinga malipo benki haipotei. Kinachobadilika ni namba. Mashine ya dukani haioni namba iliyochapwa kwenye kadi; inapewa namba mbadala ya kadi, iliyotengewa simu hiyo, pamoja na msimbo wa kutumika mara moja tu. Mwizi akidukua mfumo wa duka, anaondoka na makapi. Hapo simu inaishinda kadi, tena kwa mbali.

Usumbufu huja kwenye kurudishiwa pesa. Risiti huonyesha tarakimu 4 za mwisho za namba mbadala, muuzaji anazilinganisha na kadi, hazifanani, anagoma. Gusisha simu ile ile, au mwonyeshe tarakimu hizo kwenye programu ya malipo.

Mashine ikikaa kimya, vua kava lenye chuma, kisha sogeza simu ndani ya sentimita 4. Antena ya iPhone iko juu, si katikati. Kadi yenyewe usiiache nyumbani: chaji ikikata, au mashine ikiwa inasoma mstari wa sumaku wa kadi pekee, simu inabaki kioo cha kujitazamia.