Jani la juani na jani la kivulini

Leo hapa Kadutu tumechuma majani ya maharage na wanafunzi wangu, mengine kwenye jua kali, mengine chini ya migomba. Tukayapaka verni ya kucha upande wa chini, ikakauka, tukaibandua na kuitazama kwa mikroskopi. Stomata hizo hapo, vile vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa! Seli mbili zenye umbo la figo, mwanya katikati. Kwenye jani la juani zimesongamana, kwenye la kivulini zimeachana.

Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, tukihamishia la kivulini juani, zitaongezeka?" Hapana. Idadi hupangwa jani likiwa changa. Gizani, protini iitwayo COP1 huzuia stomata zisiumbike. Mwanga ukiingia, vipokezi vya mwanga vya mmea, kama fitokromu na kriptokromu, huituliza protini hiyo.

Lakini kinachonishangaza mimi zaidi ni hiki: mwaka 2001 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwa mmea wa Arabidopsis kwamba majani yaliyokomaa ndiyo hupima mwanga na kupeleka habari kwa machanga. Yaani jani changa lililo juani huweza kuumbika na stomata chache, kwa sababu wakubwa wake wamefunikwa na kivuli.