Darasa letu la sebuleni, Kigamboni

Kila nikisema watoto wetu wanane wanasoma nyumbani, swali la kwanza ni: na mitihani je? Jamani, njia ipo. Binti yetu mkubwa anajiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT) wa Baraza la Mitihani. Akifaulu, ataruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi na baba yao tuliliombea sana jambo hili kabla ya kuamua.

Asubuhi ni ibada kwanza: pambio, Zaburi, kisha kila mtoto anaomba, hata kitinda mimba, ambaye hajawahi kumsahau paka wa jirani. Halafu uji, vyombo, na mkeka unatandikwa. Wakubwa wanawafundisha wadogo kusoma, mimi nazunguka.

Jana hesabu tulifanyia Feri, soko la samaki. Tulivuka na pantoni, nikamkabidhi wa miaka tisa hela ya kitoweo. Fungu la vibua sita, elfu tatu. Akasimama pale mbele ya meza, maji ya samaki yanamchuruzikia miguuni, akahesabu kwa vidole. "Mama, sisi tuko kumi. Tuchukue mafungu mawili, elfu sita. Wanaobaki wawili tumpelekee bibi wa nyumba ya nyuma." Nilimshukuru Mungu palepale, katikati ya kelele za wachuuzi.

Sasa tunahitaji mwalimu wa kemia kwa huyu mkubwa. Mzazi wa Kigamboni au Mbagala unayemfahamu mzuri, mwenye subira, naomba uniandikie.