Ukienda Moro kumtembelea mtoto wa chuo, usile hotelini

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kampasi ya Mazimbu, kwa hiyo mwaka huu nimeenda Morogoro mara nne na mara zote nimerudi nimenenepa. Naandika hii kwa ajili ya wale mnaoenda kumpeleka mtoto chuo au mnaenda kwenye mahafali halafu mnarudi Dar mnalalamika eti Moro hakuna pa kula. Papo, ila nyie mnaangalia juu kwenye mabango wakati chakula kiko chini ya turubai.

Mi mwenyewe safari ya kwanza nilikosea. Nilishuka treni ya SGR na njaa yangu (kwa sasa nauli ya kawaida 13,000 na hata saa mbili haziishi, usingizi wenyewe haukolei), nikachukua bajaji mpaka hoteli moja hivi nzuri, viti vina vitambaa vyeupe, nikaagiza kuku na wali. Yule dada akaniambia dakika kumi na tano tu. Jamani nilikaa saa nzima na nusu, nimemaliza soda mbili, mdogo wangu ameshanipigia mara tatu dada uko wapi, na kuku alipokuja alikuwa mgumu kama amekimbia kutoka Mikumi. Elfu kumi na nane hiyo imekwenda.

Mdogo wangu alicheka sana. Akaniambia dada we ulikula kama mgeni, kesho twende Mafiga.

Sasa Mafiga ni mtaa upande wa huko SUA, wanafunzi wengi wamepanga kule, na jina lenyewe lishakwambia kinachofanyika. Tukaingia kwa mama mmoja ana benchi mbili na masufuria matano yamepangwa, unanyoosha kidole tu unapakuliwa. Nikachukua wali maharage na mchicha, kipande cha parachichi juu, buku mbili. Maharage yameungwa nazi, mchuzi mzito, na ule mchele yaani ukipita tu barabarani harufu inakuita, manake mkoa huu ndo wenye bonde la Kilombero, mchele wa Ifakara hapa haujasafiri mbali. Nikaongeza sahani. Sikuona aibu.

Na siri niliyoigundua ni hii, mama ntilie wa karibu na chuo hawezi kulaza chakula. Saa saba mchana wanafunzi wanatoka vipindi wanamwagika wote pale, saa nane na nusu masufuria yanaoshwa. Kwa hiyo nenda saa sita na nusu, kabla ya foleni, kila kitu bado kiko motoni. Ukienda saa tisa utakuta ukoko na mchuzi wa maharage bila maharage, usije ukamlaumu mtu.

Kitu kingine wageni hamkijui ni kalenda ya bumu, yaani ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Bumu likiingia, jioni huko mitaani ni moshi mtupu, mishikaki, kuku, chipsi zege, kila jiko lina watu wamesimama na kachumbari kwenye sahani, unaweza kusubiri mpaka ukasirike. Bumu likichelewa watoto wanapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja saa kumi jioni unabeba siku nzima, wengine deshi kabisa, hawali kitu, na wauza chipsi wanakuita kwa jina kama mnafahamiana. We mgeni kipindi hicho ndo unakula kwa raha, ila kama una moyo hutakula peke yako. Mi siku hiyo nililipia watu watano, mdogo wangu aliniambia ni rumeti wake wote, chumba gani hicho kina watu watano sijui.

Asubuhi supu. Ya mbuzi au ya kongoro, na chapati mbili, ndimu na pilipili pembeni. Msamvu pale stendi zipo na watu wa mabasi wanazisifu lakini mi sipendi kula nimekumbatia begi, bora usogee mjini.

Ukishashiba mwambie mtoto akutembeze Mazimbu. Wengi wanaingia pale hawajui kwamba ilikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, chama chao cha ukombozi, ANC, waliianzisha 1978, baadae ikapewa jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa na makaburu 1979, halafu 1992 wakaikabidhi kwa serikali yetu. Makaburi yao yapo mpaka leo. Nilikaa pale kimya kidogo, tumbo limejaa, nikawaza hawa nao walikula wali wa Moro miaka yote hiyo mbali na kwao.

Kule Chuo Kikuu Mzumbe sijala sana, ni mbali kidogo na mji, njia ya Iringa, nilipita mara moja nikala ugali na samaki, ulikuwa sawa tu.

Lakini kabla hujaondoka pita Soko la Chifu Kingalu, tena asubuhi. Mji kasoro bahari huu, ila milima ya Uluguru inalipa hilo deni, mizigo inashuka kutoka Kinole na Mgeta, ndizi, mananasi, machenza, fenesi, njegere mbichi, karoti bado zina udongo. Mi nilikula fenesi hapo hapo nimesimama, mafuta ya kutoa utomvu hakuna, nikashika simu na vidole vile vile, mpaka leo kava yake inanata.

Juzi mdogo wangu kanitumia meseji, dada bumu limeingia njoo nikununulie kuku. Nikamjibu kuku kula we na hao rumeti wako watano, mi niwekee nafasi kwenye benchi la Mafiga saa sita na nusu. Akajibu, na nauli ya bajaji utanirudishia?