Mhariri aliponikalisha nitazame klapa zangu

Kwenye seti ya filamu nilikabidhiwa kibao cha klapa, kile chenye namba za onyesho na mbao mbili za kugonganisha mbele ya kamera, kwa sababu nilikuwa mgeni na mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikadhani ni kazi ya kitoto: unapiga pa! kisha unakimbia. Siku tatu nzima nilipiga hivyo.

Jioni ya nne mhariri akaniita. "Mdogo wangu, hebu kaa hapa ujionee." Akafungua onyesho la 12, teki ya 3, yaani mara ya tatu kulirekodi. Kibao kinapita mbele ya kamera kama kunguru aliyefukuzwa, namba hazisomeki, na mbao zinapogongana mimi nimeshaanza kuondoka. Sauti ilirekodiwa kwenye mashine yake ya pekee, picha kwenye kamera. Anachotafuta mhariri ni fremu, ile picha moja tu kati ya nyingi za video, ambayo mbao zinagusana, ailaze juu ya ule mwiba unaochomoza kwenye mchoro wa sauti. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Mgongano wangu ulikuwa ukungu mtupu uliotapakaa fremu tatu. Ikambidi amvizie mwigizaji anaposema "baba", alinganishe midomo inavyofumba na ile b, teki baada ya teki. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Kesho yake nikaanza kuuliza lenzi iliyofungwa kabla ya kusogea. Hesabu niliyofundishwa ni takribani sentimita 30 kwa kila milimita 10 za lenzi. Kwa ya milimita 50 nasimama kama mita moja na nusu, na kibao kinajaa kwenye picha. Nasubiri wa sauti aseme inakwenda, nasoma namba, napiga, natulia tuli, ndipo natoka. Huko kutulia ndiko kulikonishinda zaidi, maana seti nzima inakutazama wewe uondoke.

Picha ya karibu sana napiga kwa mlio mdogo. Kumgongea mtu mbao puani wakati anajiandaa kulia ni ukatili. Isiyo na sauti naweka vidole katikati ya mbao, mhariri asihangaike kutafuta mlio usiokuwepo.

Iliyonitoa jasho ni klapa ya mwisho wa teki, ile ya kibao kichwa chini. Mara ya kwanza mwongozaji alisema "kata" na kamera ikazimwa nikiwa bado nakigeuza. Siku hizi nakishika kimeshapinduliwa, nimesimama ubavuni mwa mpiga picha, na nimeshamnong'oneza mapema: usizime, kaka, bado mimi.