Miaka 46 na gitaa

Jana usiku uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ulinikatikia katikati ya chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wakacheza. Nikaendelea na nyuzi 5 zilizobaki. Tulipomaliza mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, nani alikufundisha?"

Hakuna. Gitaa la kwanza nililitengeneza mwenyewe Morogoro nikiwa na miaka 11: galoni la mafuta ya kupikia, shingo ya mti wa mpera, na waya wa breki ya baiskeli niliouchambua uzi mmoja mmoja. Vidole vilitoka damu. Jioni nilikaa karibu na redio ya baba, Radio Tanzania ikipiga muziki wa dansi, masikio yangu yakiwinda gitaa la solo tu, lile linaloongoza. Wimbo ukipita umepita, hakuna kurudisha. Basi nilikimbilia uani nikiuimba kichwani, usije ukanitoroka kabla sijautafuta kwenye nyuzi. Naamini hapo ndipo nilipopata sikio.

Ridhim, gitaa linalorudiarudia mapigo chini ya solo, nilijifunza baadaye sana, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watu husifia solo, lakini ridhim ndiyo inayoinua watu vitini. Ukiipiga sawasawa hakuna anayekutazama. Ukiyumba kidogo tu, ukumbi mzima unajua.

Useremala ndio ulionilisha. Lakini kila jioni nikishanawa vumbi la mbao, hata kabla ya chai, nalichukua gitaa.

Mjukuu ameomba nimfundishe. Kesho tunatafuta galoni.