Shirika gani linasimamia kompyuta yangu?

Ukifungua menyu ya kivinjari, ile ya vinukta vitatu, ukashuka mpaka chini kabisa, kwangu ulikuwa unakuta maneno kwamba kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika lako. Kwenye kompyuta ya ofisi hayo ni halali kabisa, mtu wa IT ndiye kaweka. Lakini hii ni laptop ya nyumbani, Kihonda, Morogoro, inalala juu ya meza ya chakula chini ya kitambaa alichofuma mama mkwe. Wanaoigusa ni mimi, mke wangu na binti yetu wa kidato cha tatu. Shirika gani?

Binti ndiye aliyeyaona. Mimi nilikuwa nimeshazoea dalili nyingine: nikitafuta ramani ya Bonde la Ufa, ukurasa unapepesa, unapita kwenye anwani nisiyoijua, ndipo majibu yanakuja, na nusu yake ni matangazo ya kamari. Kuna kiendelezi, yaani kiprogramu cha kuongezwa ndani ya kivinjari, kilikuwa kimekaa pale na hakikuwa na kitufe cha kukiondoa. Kilikuwa kinaruhusiwa kusoma kila ukurasa ninaoufungua. Kila ukurasa, pamoja na barua pepe.

Fundi wangu ni kijana mwenye steshenari karibu na stendi, namheshimu, ana mikono myepesi. Dawa yake ni moja: “Tupige Windows mpya tu, Mwalimu.” Shilingi 15,000. Tukapiga. Wiki mbili, mambo yaleyale. Tukapiga tena. Mara ya tatu hata wiki sikumaliza. Mke wangu akaanza kuiita ile laptop “mgonjwa wako”.

Siku tulipopiga hiyo ya tatu nilirudi nayo nyumbani nikaiwasha nikiwa na chai mkononi. Nikafungua kivinjari, nikaingia na akaunti yangu. Alamisho zangu, zile kurasa nilizohifadhi, zikarudi, vizuri. Halafu pale juu pembeni kikachomoza kimshale cha kijani: kiendelezi cha kupakulia video, ambacho sijakiweka. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ndipo nikaelewa kwamba usawazishaji, yaani akaunti kunakili vitu vyako kwenye kila kifaa ulichoingia, hauchagui. Unarudisha alamisho, unarudisha na takataka. Nilipokwenda kwenye akaunti kuangalia vifaa vilivyoingia, nikakuta kompyuta ya ofisi ya walimu. Niliingia pale siku moja nikachapa mtihani, nikasahau kutoka. Ile mashine kila mtu anaweka chake, na mtu mmoja aliweka kile kimshale akiwa ndani ya akaunti yangu. Kila nikifuta Windows nyumbani, shuleni kinanisubiri.

Hiyo ilikuwa njia moja. Ya pili iliniuma zaidi kwa sababu nililipia.

Windows ya fundi haikuwa na leseni, ilihitaji kuamshwa kwa crack, kiprogramu chake cha kwenye flashi cha kuidanganya kwamba inayo. Kabla ya kukiwasha anazima Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, “dakika mbili tu, Mwalimu”. Sasa mimi nikaingia kwenye Windows Security, upande wa virusi na vitisho, nikashuka mpaka sehemu iitwayo Exclusions, yaani vitu ambavyo ulinzi umeambiwa uviruke. Kulikuwa na mstari mmoja: C:\. Laptop yangu ina diski moja tu, na diski hiyo ndiyo C. Defender alikuwa anakagua kila mahali isipokuwa kompyuta. Kile kiprogramu ndicho kilichokuwa kinaandika lile agizo la “shirika”, na ndicho kilichokuwa kinaniwekea kiendelezi kisichotoka.

Kichekesho ni kwamba sikukihitaji. Laptop nyingi zilizouzwa na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo wa leseni uliofichwa kwenye ubao mama. Ukiweka aina ileile iliyozaliwa nayo, Home au Pro, kwa kawaida inajiamsha yenyewe ikipata intaneti. Yangu ilizaliwa na Home. Fundi alikuwa ananiwekea Pro kila mara, leseni inakataa, crack inaingia.

Basi nikafanya mwenyewe. Bando la usiku, faili la zaidi ya GB 5 kutoka tovuti ya Microsoft, nikitumia laptop ya shemeji iliyo safi. Flashi ya GB 8. Nikaweka Windows 11 Home, maana Windows 10 ilishaachwa bila matengenezo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa yangu ni ya kizazi cha nane, inakubalika. Wakati wa kuweka nilifuta vigawanyo vyote vya diski. Kabla ya kuingia na akaunti popote, nilichukua simu nikaitoa akaunti kwenye vifaa vyote, nikabadilisha nywila, nikazima usawazishaji wa viendelezi. Nywila usibadilishie kwenye mashine inayoumwa. Unampa mwizi hata hiyo mpya.

Akaunti ya usimamizi sasa ni moja na nywila yake iko kwenye daftari kabatini. Sote tunatumia akaunti za kawaida, hata mimi. Jumamosi nasikia kutoka sebuleni: “Baba, inaomba neno la siri!” Naenda tunaangalia pamoja programu imetoka wapi. Mara mbili tumesema hapana, mara moja ndiyo. Arifa za tovuti nimezizima zote, hakuna aliyezikumbuka.

Na flashi. Niliwasha Windows ionyeshe viambishi vya majina ya faili, kitu ambacho huficha yenyewe. Flashi ya kwanza kuingia ilikuwa na “Jiografia F2” yenye ikoni ya Word, safi kabisa, na mkiani mwake: .exe, yaani programu, si hati. Hiyo mitihani nilikuwa naifungua kwa kubofya mara mbili tangu sijui lini.

Nilipita kwa fundi Jumatatu kumweleza, si kumlaumu. Alisikiliza huku anatoa kopi za mtu. Nilipofika kwenye Exclusions akasema, “Hapana, Mwalimu, hiyo C nzima haiwezekani.” Akafungua kwenye mashine ya dukani, ile wateja wanayochomeka flashi zao. Akashuka polepole na kipanya. Akakaa kimya, kisha akaigeuza skrini kidogo ili mteja wa kopi asiione.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “hiyo ya ufunguo wa ubaoni unaijuaje?”

Nikavuta kiti.