Wembe wa kukunja uliokuwa ukivuta ndevu

Wembe huu niliupata kwa kinyozi mzee wa Kirumba, Mwanza, aliyeacha kazi. Karatasi ulikata vizuri, lakini shavuni ulivuta ndevu hadi machozi. Mzee alikuwa akiunoa kwa kinoo kilekile cha visu vya kupasulia sangara, na kinoo chenyewe kimebonyea katikati. Kisu cha samaki kinafaidika na makali yenye meno kidogo; wembe hautaki meno kabisa.

Nilipaka wino wa maka peni ukingoni mwa makali, nikaupitisha wembe taratibu kwenye jiwe lililonyooka. Wino ukabaki nchani na karibu na mpini, yaani hapo hapakugusa jiwe. Kumbe makali yamepinda kufuata lile bonde la kinoo cha mzee.

Niliagiza mawe ya maji, yaani ya kunolea yakiwa yamelowa: namba 1000, 4000 na 8000; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Hata jiwe jipya lisawazishe kwanza: lichore mistari ya penseli, lisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kinene mpaka mistari yote iishe. Ukiwa na fedha ya jiwe moja tu na wembe wako bado ni mzima, nunua 8000. Ile 1000 inakula chuma. Ni ya kurekebisha ukingo ulioharibika kama wangu.

Laza wembe bapa, mgongo na makali viguse jiwe pamoja, maana mgongo ndio unaoshika pembe. Usikandamize. Nilikaa na 1000 hadi wino ukaisha kote, ndipo 4000, kisha 8000 kwa uzito wa wembe wenyewe. Mwisho upitishe kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, la sivyo utaichana ngozi.

Sasa kabla ya kunyoa napitisha ukandani tu. 8000 naitoa ndevu zikianza kuvutwa.